Mara ya Pili Haikuita

Ukibisha hodi nyumbani kwake hakukuambia karibu. Alijibu, "Garsen, sema." Wageni walidhani anawafanyia mzaha. Sisi tuliomzoea tulisema shida yetu kwa kifupi na kwa sauti, kisha tukasubiri airudie, kwa maana alirudia kila alichoambiwa. Ukitumwa kuazima kinu, alikutazama usoni na kusema, "Mama yako ataka kinu, atakirudisha kesho asubuhi. Ndivyo?" Na mpaka useme ndivyo, kinu hakikutoka.

Mji mzima tulimwita Opereta. Kwa miaka mingi alikaa mbele ya ubao wa simu wa Garsen, ule wa zamani wa kuchomeka waya kwa mkono, akiwaunganisha watu ambao hawakuwahi kumwona sura. Simu za kujipigia mwenyewe zilipoletwa, ubao ukaondolewa, naye akaondolewa pamoja nao. Nilipopata kumjua kwa karibu alikuwa ameajiriwa kutunza chumba cha kompyuta katika kituo cha mafunzo nilichokuwa nikifundisha. Ufunguo wa chumba hicho aliuvaa shingoni kwa utepe wa kijani. Kila aliposimama aliugusa kwanza, ndipo akatembea.

Mambo ya ukoo wake nawaachia wenyewe. Inatosha kusema kwamba yeye alikuwa Mpokomo wa mashamba ya mtoni na mimi ni Muorma, mtoto wa wenye ng'ombe, na kwamba hakuniacha nisahau hilo hata siku moja. Kitu chochote kikipotea kituoni, iwe chaki au kikombe, alisema kimeliwa na ng'ombe za mjomba wangu. Siku moja mkutano wa walimu uliahirishwa, naye akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, na mkutano nao wameula?" Nilikuwa na miaka ishirini na minane na nilijiona mtu mzima mwenye heshima zake. Mbele ya Opereta heshima hiyo haikukaa.

Alikuwa na siri za wilaya nzima na hakutoa hata moja. Aliwahi kusikia wachumba wakiachana, wazee wakigombana juu ya mahari, wakubwa wakilia kama watoto, na yote hayo yaliishia masikioni mwake. Wala usidhani hakupenda umbea. Aliupenda mno. Alichofanya ni kuwasengenya tu wale ambao hakuwahi kuwasikia kwenye simu. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba Opereta amemsema vibaya sokoni, alifurahi, akajua siri zake ziko salama. Sijui mtu mwingine aliyeweza kuishi hivyo na akaheshimiwa.

Mkoba wake ulikuwa mzigo wa punda. Ndani mlikuwa na tochi, mshumaa, sindano na uzi, kamba, kitambaa cha akiba, sukari ya kuwagawia wengine ingawa yeye mwenyewe alikunywa chai bila sukari, na koleo ndogo ya kukatia waya aliyokuja nayo kutoka kwenye ubao wa simu. Na mtu huyu huyu ndiye aliyetuhubiria wepesi. Tukivuka mto kwa mtumbwi kwenda kufundisha upande wa pili, alisimama ukingoni akitukemea: mtumbwi uwe mwepesi, usichokihitaji sasa kiache, utakifuata baadaye. Kisha alipanda na mkoba wake akauweka mapajani, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Nayataja maneno yale ya wepesi kwa sababu niliyachukua nikayatumia pasipo pahali pake.

Kuna jambo moja zaidi la kumhusu kabla sijafika huko, nalo ni maji. Wakati wa ubao wa simu, mto ulipojaa juu, habari ilishuka kwa simu kabla maji hayajashuka. Stesheni ya juu iliiambia ya chini yake, na ya mwisho kupokea ilikuwa Garsen. "Maji yamepita Nanighi," waliambiana, wakitaja kijiji cha mbali juu ya mto, na kutoka hapo watu wa mashambani walihesabu siku. Opereta akipokea habari ile aliwakatiza wote waliokuwa wakizungumza, hata awe mkubwa wa serikali, akaipitisha kwanza. Watu wa Kilelengwani na vijiji vingine vya chini wakaanza kupandisha vitu: mbegu darini, kuku juu ya uchaga, magodoro juu ya meza. Hakuna aliyesubiri kuona maji kwa macho. Anayesubiri kuyaona kwa macho huyaona tayari yako kitandani.

Sasa nije kwenye kompyuta.

Kituo kilikuwa na kompyuta nane za msaada, nzee, zisizo na diski ndani. Asiyejua atashangaa zilifanyaje kazi. Kila moja ilikuwa na kadi ya mtandao, na kadi ile ilijua jambo moja tu: asubuhi jenereta ikiwashwa, inaita. Inauliza mtandaoni, mimi ni nani na nipate wapi mzigo wangu? Kompyuta kubwa iliyokuwa pembeni, tuliyoiita seva, inaijibu, inaipa jina na anwani, kisha inaitumia kiini cha mfumo, yaani ile programu ya kwanza inayoiamsha mashine. Kiini kikishaingia kinashika kazi chenyewe, kinaita seva mara ya pili kuomba mafaili yaliyobaki. Zote ziliunganishwa na waya mmoja mweusi uliopita mashine hadi mashine, na waya ule ukilegea mahali pamoja tu, zote zinakosa. Nilipomweleza Opereta haya kwa mara ya kwanza nilijiandaa kurudia. Akasema, "Kumbe ni ubao," akaenda kufagia.

Mimi nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya wiki mbili Mombasa. Mkuu wa kituo, mtu wa bara, mpole asipokuwa na wageni, alinitambulisha kila mahali kuwa mtaalamu wetu, nami nikaamini. Nilirudi na hamu ya kurekebisha kisichoharibika. Asubuhi mashine nane zikivuta kiini kwa pamoja zilichukua dakika nyingi, wanafunzi wakisubiri. Jumamosi moja nikaamua kukipunguza uzito kiini chenyewe. Niliondoa vipande nilivyoona havihitajiki mwanzoni, nikaviweka kando kwenye seva viwe vinaitwa vikihitajika, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa draiva ya kadi ya mtandao, yaani kile kipande kinachokifundisha kiini kuitumia kadi. Usichokihitaji sasa kiache, utakifuata baadaye. Nilijaribu kwenye kompyuta ya mezani pangu, ikaamka vizuri na kwa haraka. Nikafunga kazi nikaenda nyumbani nikijipenda.

Jumamosi hiyo hiyo, mimi nikiwa nimeondoka, Opereta alisikia kwa dereva wa lori kwamba maji yamepita Nanighi. Akaingia chumbani na kamba na nyundo, akaupandisha ule waya mweusi wote kutoka sakafuni, akauning'iniza ukutani kwa misumari, usawa wa kifua.

Jumatatu hakuna mashine iliyoamka.

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu vile nilivyochanganyikiwa siku ile. Mashine zilianza kama kawaida. Kila moja iliita, ikapewa jina, ikapokea mzigo. Kisha maandishi yakaporomoka kwenye kioo na yakasimama kwenye mstari mmoja uliosema, kwa maneno yake, kwamba haipati mafaili yake na haiwezi kuendelea. Nane zote, mstari ule ule. Ya kwangu iliamka tu, na hilo ndilo lililonivuruga zaidi, kwa sababu ilitumia kiini kile kile. Nilibadilisha viungo vya waya. Nilibadilisha kadi. Nilizima, nikawasha, nikazima. Nilisoma daftari langu la kozi tangu mwanzo hadi mwisho kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Alhamisi wanafunzi kumi na wanne walikuwa na mtihani wao wa cheti, na msimamizi alikuwa anakuja kutoka Mombasa.

Mkuu aliingia, akautazama ukuta. "Nani ameguza hizi waya?"

"Mimi," Opereta alisema. "Maji yamepita Nanighi."

"Maji gani, mama? Hapa ni kukavu. Mashine zilikuwa zinafanya kazi Ijumaa, wewe umepigilia misumari, Jumatatu zimekufa. Sasa hiyo ni hesabu ngumu?"

Hakuna aliyeona ni ngumu. Hata mimi niliiona rahisi, na nasema kweli kwamba Jumatatu yote niliamini ni yeye. Nilipita juu ya waya wake kwa vidole, msumari kwa msumari, nikitafuta aliloharibu. Alinifuata nyuma, akiushika ufunguo wake.

Jumanne asubuhi aliniomba kiti. Akakiweka nyuma ya mashine, wala si mbele yake, akakaa akitazama ile taa ndogo ya kijani iliyo kwenye kadi, inayopepesa kila maneno yapitapo. "Washa," akasema. Nikawasha. "Zima. Washa tena." Tulifanya hivyo kwa mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu. Midomo yake ilikuwa ikitembea.

"Yaita," alisema hatimaye. "Yajibiwa. Yapewa mzigo, taa yacheza, mzigo waingia wote. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Waya ungekuwa mbovu, mzigo ungepitia wapi?"

Akainyooshea taa kidole.

"Sasa tazama. Mzigo ukiisha, taa yanyamaza. Wewe wasema hapo huita mara ya pili. Mimi sioni. Nimekaa kwenye ubao miaka yangu yote, mtu akiita asijibiwe namjua, na asiyeita namjua. Hii haikukosa jibu. Mara ya pili haikuita."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mara ya kwanza kadi inaita yenyewe, haihitaji kitu. Mara ya pili ni kiini kinachoita, na ili kiite kinahitaji draiva, na draiva mimi nilikuwa nimeipeleka kwenye seva, mahali ambapo hakiwezi kufika kabla hakijaipata. Mtumbwi nilikuwa nimeuacha huku na kafi lake ng'ambo. Na kompyuta yangu? Yangu ilikuwa na diski yake na kafi lake mle mle ndani, kwa hiyo ilinidanganya kwa uso mkunjufu.

Ningesema wakati ule, habari hii ingeishia hapo na tungeicheka. Nilifungua mdomo. Mkuu akaingia.

Alikuwa ametoka kuongea na msimamizi kwenye simu, na jasho lilimtoka. Alimkuta Opereta amekaa nyuma ya mashine, mkono wake umegusa waya. "Bado?" akasema. "Mama, bado unaguzaguza? Nipe hiyo ufunguo."

Opereta alinitazama. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na kila kitu nilichohitaji kusema kilikuwa mdomoni. Niliwaza kozi. Niliwaza vile Mkuu alivyonishika bega mbele ya wageni. Nikajiambia kwamba sina hakika bado, nitahakikisha kwanza kisha niseme. Huo ni uongo niliojiambia kwa lugha ya kitaalamu.

Akautoa utepe taratibu, akaupitisha juu ya kilemba chake, akauweka mkononi mwa Mkuu. Kisha, akinitazama mimi bado, akauliza, "Mara ya pili haikuita. Kwa nini?"

Akachukua mkoba wake akaondoka.

Mchana kutwa nilikitengeneza kiini upya, draiva ndani yake, jenereta ikinguruma, nami sikuweza kula. Jumatano asubuhi mashine nane ziliamka kwa pamoja. Wanafunzi walipiga makofi. Mkuu alikuja, akazitazama zote, akacheka kwa furaha kabisa. "Mmeona? Mikono imetoka, mashine zimepona." Akanivisha utepe wa kijani mwenyewe.

Hapo nilikuwa nimenaswa na mtego wangu. Dawa yangu ndiyo iliyokuwa ushahidi dhidi yake. Mtihani ulifanyika. Wiki ile ile maji yakafika Garsen, yakaingia chumbani usiku yakafika magotini, na asubuhi ule waya mweusi ulikuwa mkavu ukutani, usawa wa kifua, kama alivyouacha. Kwa hilo pia nilipongezwa.

Mtu anaweza kuishi na jambo kama hili. Naijua njia yake. Unajiambia kwamba amepumzika sasa, ana shamba lake. Unajiambia atakuwa alijua. Hiyo ndiyo iliyonisaidia zaidi, niliishika kwa mikono miwili: kwamba alijua tangu pale kwenye kiti, na swali lake lilikuwa la kunichoma, na kwa kuwa alijua basi hakukuwa na haja ya kumwambia. Nikimwona sokoni nilibadilisha njia. Sikusikia tena mtu akinitania kuhusu ng'ombe za mjomba, na nilishangaa vile nilivyoyakosa maneno yale.

Nilikutana naye zaidi ya mwaka mmoja baadaye, nje ya posta, kwenye foleni ya kibanda cha simu. Alikuwa mbele yangu. Amekonda, mkoba ni ule ule. Nilitaka kurudi nyuma, lakini alikwisha geuka.

"Mwalimu," alisema. "Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Wameshiba?"

Nilicheka. Macho yake yalikuwa kwenye shingo yangu, kwenye utepe. Kisha akasema polepole, bila mzaha, maneno ambayo sikuyatarajia hata kidogo.

"Nataka kukuuliza kitu. Usinicheke. Ule waya, niliuharibia wapi? Nimefikiri sana. Huwaza labda msumari wa tatu, pale kwenye kona, niliukaza. Lakini mzigo ulipita! Niliona kwa macho yangu ukipita. Basi najiambia, mama, masikio yamekwisha, hata macho. Binti yangu aniambia njoo Mombasa ukae na mimi, huwezi tena kazi. Leo nampigia simu nimwambie nakuja."

Alikuwa hajui. Mwaka mzima alikuwa hajui. Lile swali lilikuwa swali. Alinitazama siku ile kama anavyotazamwa mtaalamu, akitaka kufahamishwa, nami nikaliona kisu kwa sababu nilikuwa na hatia, nikamwacha na fumbo lililomla hadi akaacha kuyaamini masikio yake mwenyewe.

Nikamwambia. Pale pale kwenye foleni, jua likituwakia, nilimwambia yote: Jumamosi, kiini, draiva, kompyuta yangu yenye diski. Nilimwambia kwamba nilijua kabla hajautoa utepe.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Alinisikiliza amefumba macho. Kisha akayarudisha kwangu, neno kwa neno, kwa ile sauti yake ya ubaoni: "Wewe uliiondoa draiva Jumamosi. Waya haukuwa na kosa. Mashine mara ya pili haikuita kwa kuwa haikuwa na cha kuitia. Ulijua Jumanne, na ufunguo ulikuwa bado shingoni kwangu. Ndivyo?"

"Ndivyo, mama. Nisamehe."

Alifumbua macho. "Basi nilisikia sawa," alisema, si kwangu hasa. Machozi yalimtoka akayafuta kwa ncha ya leso, kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi.

Niliuvua utepe nikamnyooshea. Hakuupokea.

"Sikukupa wewe," alisema. "Nilimpa Mkuu."

Kibanda kilikuwa wazi, zamu yake. Aliingia, akaniashiria nimfuate, tukasongamana mle ndani na mkoba wake katikati yetu. Alichukua sarafu aliyoiandaa kwa ajili ya binti yake, akaitumbukiza. Hakutazama karatasi yoyote. Alibonyeza namba za kituo kwa kichwa, haraka, akaweka sikio, akasikiliza mlio wa kuita mara mbili.

"Yaita," akasema, akanipa mkono wa simu.

Niliushika. Ulikuwa na joto la sikio lake. Upande wa pili Mkuu akasema haloo, haloo, nani?

Opereta alikuwa amesimama ananitazama mdomo, akisubiri. Nikataja jina langu, nikaanza na Jumamosi.